Nusu ya Sentensi Ilikuwa Kweli

"Sikutaja jina lako," alisema Mama Nukta. "Nionyeshe mahali nilipotaja jina lako."

"Ulikuwa na haja gani ya kutaja jina? Jina lako wewe liko mbele, kwenye dibaji, herufi zimenona kama viwavi. Darasa zima linajua mama yake mwalimu ndiye aliyetunga kamusi hii ya Kiingereza. Na una watoto wangapi? Mmoja. Sasa hesabu hiyo inamshinda nani?"

"Punguza sauti. Jirani anafanya kazi zamu ya usiku, saa hizi amelala."

"Aamke asikie!"

Binti alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkoba bado begani, kamusi mkononi, kidole kimebanwa kati ya kurasa ili mahali pasipotee. Tangu aingie hakuwa ameketi, na mama yake naye hakuwa amemwambia karibu kiti. Mmoja kando ya meza, mwingine kando ya dirisha, kama watu wasiojuana wanaosubiri lifti.

"Basi nitakusomea tena, labda hukusikia vizuri ulipokuwa unaiandika. 'Take after.' Kufanana na mzazi au mkubwa wako wa damu, kwa sura au kwa tabia. Mfano: Amemfuata baba yake, wote wawili huondoka bila kuaga." Akaifunga kamusi kwa kishindo. "Ukurasa mzima una mifano ya watu wenye akili zao. Hapa mtu anavua koti, hapa ndege inaruka. Ukifika kwangu, mimi na baba tunatoroka."

"Ni sentensi nzuri," alisema Mama Nukta. "Fupi. Mwanafunzi anaelewa."

"Mwanafunzi ameelewa, usiwe na shaka. Jana nimeandika neno ubaoni, nikasema fungueni kamusi, mmoja atusomee mfano. Akasimama msichana wa dawati la nyuma, sauti kama mtangazaji wa redio. Akasoma hadi mwisho. Halafu akaniuliza, 'Mwalimu, baba alikwenda wapi?' Hakusema huyo baba, Mama. Alisema baba."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia akae."

"Umemjibu vizuri."

Binti alimwangalia mama yake kwa namna ambayo mtu huangalia bomba lililokatika maji katikati ya kuoga.

Inafaa kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo, kwa maana si kila ofisi huwaingiza watoto wa wafanyakazi wake kitabuni. Ofisi ya kamusi ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa, iliyowekwa na mkuu wao wa kwanza, bibi mmoja mkali ambaye sasa alikuwa amestaafu. Bibi huyo alichoshwa na kamusi za zamani zilizojaa mifano ya ajabu, ya maprofesa wanaopanda farasi na shangazi wanaonunua miavuli, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Akasema: katika nyumba hii, sentensi lazima iwe imetokea. Aliyeiandika kwenye kadi ataulizwa na msomaji wa pili, "Imetokea?" Akijibu imetokea, inatiwa tiki na kupita. Akisitasita, inakwenda kwenye kapu.

Kwa hiyo kamusi ile, ukiijua, ilikuwa ni ofisi nzima imevuliwa nguo. Chini ya 'give up' alikuwepo tarishi wao aliyeacha sigara kila Jumatatu. Chini ya 'fall out' walikuwepo wahasibu wawili waliogombea feni. Chini ya 'put up with', yaani kuvumilia, alikuwepo mume wa mpiga chapa, na kila mtu alikubali kwamba alistahili. Walizoea. Walicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba kitabu kikitoka mlangoni kinakwenda kwa watu.

Na Mama Nukta ndiye aliyeipenda sheria ile kuliko wote. Jina lenyewe alipewa hapo ofisini, kwanza kwa sababu nukta iliyosahauliwa aliiona hata ukurasa ukiwa meza ya pili, na pili kwa sababu mazungumzo yoyote aliyafunga yeye, pap, na hayakufunguliwa tena.

"Nimekwambia ni nzuri," alisema sasa. "Na ni kweli. Sisi hatuandiki uongo."

"Ndipo nilipokuwa napataka hapo hapo." Binti aliweka kamusi juu ya meza, taratibu. "Sentensi zenu lazima ziwe zimetokea, si ndiyo? Haya. Baba aliondoka bila kuaga. Sawa, mimi nilikuwa mdogo, sikatai. Lakini mimi, siku ninahama hapa, nilisimama pale." Akaonyesha mlango. "Begi mkono huu, ndoo ya vyombo mkono huu. Nikasema, 'Mama, mimi naondoka, kwaheri.' Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Funga mlango, vumbi linaingia.'"

"Kulikuwa na upepo siku ile."

"Kulikuwa na upepo!" Binti aligeukia dirisha kama aliyekuwa akitafuta shahidi huko nje. "Mtoto wako wa pekee anahama, wewe unaona upepo."

Mama Nukta alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana.

"Haya, yaishe," alisema binti, na sauti ikashuka, ikawa mbaya zaidi kuliko ilipokuwa juu. "Hata sikuja kwa ajili ya kamusi. Nimeibeba tu ili nisichoke njiani kwa mawazo. Nimehamishwa shule. Ni mbali, mwendo wa siku nzima. Lori la mizigo linakuja leo saa nane mchana." Akautengeneza mkoba begani. "Nilikuja kukuaga. Kwaheri, Mama. Umesikia? Kwa-he-ri. Kaandike hiyo."

Akatoka. Mlango ukabaki wazi nusu, na ngazi zikatoa ule ubaridi wake wa saruji.

Basi mdomo wa Mama Nukta, ambao kwa miaka yote hiyo ulikuwa ukitangulia kabla ya mwenyewe kufika, ukafunguka ukasema:

"Funga mlango, vumbi linaingia."

Binti aligeuka. Walitazamana kupitia ile nusu. Kisha akaushika mlango kwa kitasa na kuufunga polepole, bila hata kishindo, kama mtu anayetoka katika chumba cha mgonjwa.

*

Jikoni maji yalikuwa yamekwisha kuchemka. Aliyateleka mapema, aliposikia nyayo kwenye ngazi, maana nyayo za mwanawe alizijua toka ghorofa ya chini kabisa: hatua mbili za haraka, moja ya kupumzika. Alikuwa ametoa vikombe viwili. Sasa akavimiminia chai vyote viwili, kwa kuwa vilikwisha kutiwa sukari. Akanywa chake amesimama. Kisha akanywa na cha binti yake, kwa kuwa sukari haitupwi.

Redio ilikuwa ikisema bei za saruji na mbao. Aliiwasha kila asubuhi, si kwa ajili ya saruji, bali nyumba ipate mtu wa kuongea. Mlango wake ulibishwa na msoma mita ya maji, na mara mojamoja na jirani aliyekuja kuomba aipunguze hiyo redio. Wengine wote aliokuwa nao walikuwa maneno. Aliamka na neno, akala nalo, akapanda nalo basi. Watu husema kazi ya kamusi inachosha macho. Hawasemi kwamba maneno ni wageni wasiokula, wasiocheka, na ukiondoka chumbani hawakuulizi unakwenda wapi.

Alivaa viatu vya kazini. Ilikuwa Jumamosi, lakini kurasa za toleo la pili zilikuwa zinakwenda kiwanda cha uchapaji mchana ule, na msahihishaji wa mwisho alikuwa yeye. Mlangoni aliona kamusi imeachwa juu ya meza, na ndani yake imebaki alama ya kidole, karatasi imepinda kidogo mahali palepale. Hakuigusa.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la rangi za nyumba, na siku zote ilinuka kama chumba ambacho kesho kutakuwa na wapangaji wapya. Alikuwepo mtu mmoja tu, mtaalamu wa asili za maneno, ambaye walimwita Mizizi. Alikuwa na upara mzuri, wa mviringo, na miwani alipenda kuipandisha juu yake, kisha kuanza kuitafuta mezani.

"Mama Nukta umechelewa?" alishangaa. "Niite waandishi wa habari?"

"Nipe kurasa za T."

"T imekwisha. T imelala usingizi wake, iache."

"'Take after.'"

Mizizi aliacha kutafuta miwani. "Ah," alisema. "Ile ya baba."

Kumbe hata yeye alikuwa akiikumbuka kwa jina hilo. Mama Nukta alijisikia kama mtu aliyegundua kwamba gauni lake limechanika mgongoni tangu asubuhi, na ofisi nzima ilikuwa inajua.

"Mimi ndiye niliyeitia tiki," alisema Mizizi. "Nilikuuliza imetokea, ukasema imetokea."

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya baba ilitokea. Aliondoka asubuhi, sabuni yake bado mbichi bafuni, hakuna aliyeagwa. Nusu ya pili niliijaza mimi."

"Mama Nukta amejaza," alisema Mizizi kwa mnong'ono, akiiambia kabati. Kisha alipoona uso wake akaacha mzaha, akavuta droo ya T, ile inayokwama, akaipiga goti kama kawaida, akatoa kadi. "Unajua kurasa zimekwisha kupangwa. Sentensi mpya ikizidi mstari mmoja, mistari yote inasukumana hadi U, na mtu wa kiwanda anakuja saa saba."

"Najua. Mimi ndiye ninayewaambia ninyi."

Akaketi, akachukua penseli. Kadi ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa wima, usioegemea upande wowote. Maana ya kwanza, kufanana na mkubwa wa damu. Maana ya pili, ya nadra, kumkimbiza mtu. Hapo palikuwa na mbwa wa mlinzi na msoma mita. Ya mbwa ilikuwa kweli kabisa, aliishuhudia kutoka dirishani.

"Kwa nini usitie tu 'resemble', uende zako nyumbani?" aliuliza Mizizi. "Mfano wake hauna fitina. Picha hii inafanana na ile."

"Hilo ni la sura tu. Hata viatu hufanana. Hili ni la damu."

"Kweli. Na lina upande mmoja. Binti humfuata mama, mama hamfuati binti. Hata Kiingereza chao hakikubali. Linashuka tu, kama maji ya bomba." Mizizi alimenya karanga, akaanza kupata raha, maana hapo ndipo mahali pake. "Halafu lenyewe lina safari. Kuchukua, Waingereza walikuwa na neno lao la zamani, zuri tu. Wakaja watu wa kaskazini na mashua zao ndefu, na la kwao ni 'taka'. Taka! Usicheke. Waingereza wakalitupa la kwao wakachukua la wageni. Yaani neno la kuchukua lenyewe limechukuliwa. Na hilo 'after', huko nyuma kabisa, maana yake ni mbali zaidi kwa nyuma. Basi anayefuata ni yule wa mwisho katika msafara, anaokota kilichoangushwa na waliotangulia."

"Hapo unabuni."

"Pale mwisho nimebuni, nakiri. Lakini ilipendeza."

Siku nyingine angemkatiza mapema, pap, nukta. Leo alimwacha amalize, kwa sababu muda ule wote alipokuwa akisikiliza hakuhitaji kuandika. Sasa Mizizi akarudi kwenye karanga zake, na kadi ikabaki palepale.

Alijaribu kuona mwanawe kamfuata nani. Watu walikuwa wakisema, tangu mtoto akiwa mgongoni, kwamba sura ni ya baba mtupu. Na yeye, baada ya sabuni ile mbichi, kila alipoiona sura ile ikigeuka kuelekea mlangoni, kwenda shule, kwenda dukani, kwenda chuo, alikuwa akimalizia mwenyewe sentensi iliyobaki. Alimuaga mtoto kabla mtoto hajaaga. Akaagiza mlango ufungwe. Lakini asubuhi hii hakuona baba wa mtu yeyote pale sebuleni. Aliona mwanamke amesimama na mkoba begani, hakubali kuketi, neno kubwa kalificha hadi mkono ufike kwenye kitasa. Huyo alimjua. Huyo alikuwa akimwona kila siku kwenye kioo cha bafuni akipiga mswaki.

Akaandika kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili: Amemfuata mama yake, hakuna anayeketi kuzungumza.

Akahesabu herufi kwa ncha ya penseli. Ilikaa kwenye mstari kama mguu katika kiatu cha zamani.

Mizizi aliivuta kadi, akasoma, akashusha miwani kutoka uparani, akasoma tena. "Imetokea?"

"Leo asubuhi."

"Basi." Akachukua kalamu nyekundu ya tiki.

Hapo Mama Nukta alimwona yule msichana wa dawati la nyuma. Si yule wa jana. Mwingine, wa shule ile ya mbali, ambako mwanawe atasimama mbele ya watu asiowajua, katika chumba chenye chaki ya wenyewe. Toleo la pili litakuwa limefika huko. Litafunguliwa. Msichana atasoma vizuri, hadi mwisho, kisha atauliza: Mwalimu, na mama yuko wapi?

Aliuweka mkono juu ya kadi. Kalamu ya Mizizi ikamchora mstari mwekundu kidoleni.

"Usitie."

"Si umesema ni kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana sitaki. Kweli hii si ya kupeleka kiwandani."

Mizizi alitoa ganda la karanga mdomoni. Sheria ya bibi mkuu haikuwa na kifungu cha jambo hilo. Kisha akainamisha kichwa, upara ukaja mbele ya macho ya Mama Nukta, unang'aa kwa mwanga wa dirisha.

"Chukua huu," alisema.

"Huu nini?"

"Upara. Nimemfuata mjomba wangu, upara kabla ya ndevu. Imetokea, unaiona mwenyewe, huhitaji hata shahidi. Na mjomba alikwisha kufariki, hatakuja kugomba."

Mama Nukta aliandika: Amemfuata mjomba wake, upara kabla ya ndevu. Ilizidi kidogo. Wakaivuta huku na huku, wakamnyang'anya mjomba neno moja la Kiingereza ambalo hakulihitaji, ikakaa. Akamuuliza Mizizi kwa sauti ya kazi, "Imetokea?" na Mizizi akajigusa kichwa, akasema, "Kwa masikitiko makubwa, ndiyo." Safari hii aliyetia tiki alikuwa yeye.

Alibandika sahihisho kwenye ukurasa. Akazipanga kurasa zote, akazitia kwenye bahasha kubwa, akainuka, akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa sita na nusu. Kwa kawaida angeketi na bahasha mapajani hadi mtu wa kiwanda afike, amtazame akihesabu, amwambie aishike kwa chini isije ikapasuka, kisha arudi nyumbani kula mbele ya redio. Aliiona Jumamosi hiyo yote, kuanzia sahani hadi kitanda, na Jumamosi nyingine nyuma yake, zimejipanga.

"Shika," alimwambia Mizizi, akamsukumia bahasha kifuani. "Mwambie ashike kwa chini."

"Unaniachia mimi?" Mizizi aliipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga. "Mama Nukta, una homa?"

Lakini alikuwa amekwisha kufika kwenye ngazi.

*

Nyumba ya binti yake hakuwahi kufika. Hakualikwa, ndivyo alivyokuwa akijiambia. Na binti naye, bila shaka, alikuwa akijiambia kwamba mama hakuja. Alichojua ni mtaa, na kwamba kulikuwa na tangi la maji lililopakwa rangi ya bluu. Basi lilimshusha karibu na tangi, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kuuliza mtu, maana mbele ya safu ya vyumba vyenye ua mmoja lilisimama lori, nyuma limejaa mbao za kitanda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba kama mhalifu, ndoo ya vyombo, maboksi ya vitabu. Mpakiaji alikuwa juu, anakaza kamba. Dereva alikuwa anapiga tairi teke, moja baada ya jingine, kwa heshima.

Binti alitoka chumbani na ufagio. Alipomwona akasimama.

"Umekuja," alisema. Haikuwa swali wala furaha.

"Sentensi nimeitoa."

"Umeweka nini?"

"Upara wa Mizizi."

Binti alibana midomo, kona moja ikakataa, ikapanda kidogo. Akaishusha. "Sawa. Asante. Umetoka huko kote kuja kuniambia hivyo?"

Mama Nukta alichungulia chumba. Kilikuwa kitupu, kimefagiliwa hadi pembeni, na ukutani palibaki misumari miwili na kivuli cha mraba mahali palipotundikwa kitu. Akajua namna alivyoishi humo. Kikombe kimoja. Redio, hapana, labda simu imewashwa muziki. Akajua na namna atakavyoishi huko anakokwenda.

"Huko una mtu?" aliuliza.

"Sina. Mwalimu mkuu atanipa ufunguo."

"Nani atakusaidia kufunga kitanda?"

"Huyo mpakiaji."

"Mpakiaji anajua kufungua tu. Skrubu umezitia wapi?"

Binti aliangalia ufagio. "Kwenye ndoo, nadhani."

"Unadhani." Mama Nukta alimzunguka dereva, akafungua mlango wa mbele wa lori, akashika chuma cha kupandia, akaweka mguu wa kwanza. Sketi ya kazini haikukatwa kwa ajili ya malori. Aliipandisha bila kumtazama mtu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napanda."

"Ni mwendo wa siku nzima!"

"Ulikwisha kuniambia."

"Huna hata nguo ya kubadilisha."

"Wewe unazo. Tunalingana."

"Na kazi?"

"Jumanne nitarudi. Toleo limekwenda kiwandani, maneno hayana haraka."

Dereva aliacha tairi la mwisho bila kulipiga teke. "Mama, samahani," alisema kwa upole, "hicho kiti ni cha watu wawili na nusu."

"Mimi ndiye nusu," alisema Mama Nukta, akaketi. Kiti kilikuwa cha moto kwa jua na springi moja ilimchoma. Akasogea hadi katikati, akaweka mkoba mapajani. Kisha akapapasa nafasi iliyobaki kando yake, akamwangalia mwanawe huko chini. "Njoo ukae. Nataka unieleze hiyo shule tangu mwanzo. Na msichana wa jana, nataka kusikia tena alivyouliza. Tuna siku nzima, na hakuna anayeweza kusimama humu."

Binti alibaki chini, ufagio mkononi. Mtu akipita angedhani anahesabu kitu. Halafu akamrushia mpakiaji ufagio, akaufunga ule mlango wa chumba, akatikisa kitasa kuhakikisha, akaja. Alipanda kwa hatua mbili za haraka na moja ya kupumzika. Bega lake likaligusa la mama yake, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka, likakaa hapo.

Dereva aliwasha lori upande wake. Moshi ukatoka, ua wote ukajaa vumbi, na mlango wa upande wa abiria ulikuwa bado umeachama, kwa sababu Mama Nukta alikuwa ameinama mbele ya binti yake anachungulia nje na nyuma, akipaza sauti kwa mpakiaji aitazame ndoo kama ina skrubu.

"Zimo!" alijibu mpakiaji.

"Zote?"

"Mama," alisema binti, akikohoa, akimvuta mkono arudi ndani. "Funga mlango, vumbi linaingia."

Mama Nukta alimgeukia, akamtazama uso mzima, kutoka karibu sana. Kisha akanyoosha mkono mbele yake, akaufunga.